Vipande Mia kwa Uzi Mmoja

Anayeshona mfarishi wa vipande kwa mara ya kwanza hudhani kinachomla muda ni kushona. Mwangalie nusu saa tu, utaona mengine kabisa. Anaokota vipande viwili, anavilinganisha, anachomeka pini nne, anashona inchi tatu na nusu, anakata uzi, anainuka kwenda kwenye pasi, anarudi, anatafuta kipande cha tatu, hakioni. Sindano yenyewe imefanya kazi sekunde chache. Muda mwingine wote umekwenda kwenye safari za katikati. Kwa hiyo anayetaka kumaliza mapema hana haja ya kukanyaga pedeli kwa kasi zaidi. Apunguze safari, na apunguze kufumua, maana mshono ulioharibika hufanyiwa kazi mara tatu: unashonwa, unafumuliwa, unashonwa upya.

Hapa nazungumzia sehemu ya juu peke yake, ile ya vipande inayoonekana kitandani. Kijazo cha katikati, bitana ya chini na kushikiza tabaka zote tatu ni habari ya siku nyingine. Mfano nitakaoutumia ni wa kitanda cha nne kwa sita, kwa vitenge, na vipimo ni vya inchi kwa kuwa ndivyo mafundi wengi wanavyopima.

KABLA YA KUSHIKA MKASI

Mabaki ya vitenge hayana tabu kupatikana. Fundi yeyote mwenye wateja wa magauni ana kiroba chini ya meza, na ukimuuliza kwa adabu, "Samahani fundi, haya mabaki unayafanyia nini?", huenda akakusukumia kiroba kizima, au akakutajia bei ya soda. Tabu ni kwamba mle ndani mna kila kitu: kitenge cha pamba, satini, kitambaa cha suruali, hata kipande cha pazia. Chambua siku hiyohiyo. Pamba na poliesta hazipigwi pasi kwa joto moja, na zikifuliwa moja inaruka huku nyingine imebaki ilivyo, mshono ukakunjamana. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua ikanuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Kisha fua vyote. Wapo wanaoruka hatua hii ili kuokoa siku moja, halafu nyekundu inavuja kwenye nyeupe baada ya kazi yote kukamilika. Loweka rangi nzito peke yake mpaka maji yabaki maangavu. Vipande vidogo vitie ndani ya foronya na kuifunga mdomo, la sivyo vitatoka vimesokotana nyuzi na utashinda unavitenganisha. Kanga na vitenge vyepesi hulegea vikishafuliwa, kwa hiyo vipige pasi kwa wanga, wa dukani au wa unga wa muhogo uliopikwa mwepesi na kuchujwa. Kitambaa kilichokakamaa kidogo hukatika kwa mstari ulionyooka na hakivutiki upande wa hanamu.

Jambo jingine linalokula saa nyingi bila mtu kujua ni kuchagua rangi. Mtu anasimama mbele ya rundo akijadiliana na nafsi yake kuhusu kila kipande. Gawa mafungu mawili tu, nzito na nyepesi, basi. Kitenge chenye rangi saba kinachokushinda kukiweka, kipige picha kwa simu kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Jibu utaliona papo hapo. Vitenge vya maua makubwa au michoro mikubwa usivikatekate vidogo, maana mchoro wote utapotea. Hivyo viwekee kazi ya miraba mikubwa isiyo na kiungo.

KATA UKANDA, KIPANDE KITAFUATA

Huu ndio ujanja unaookoa muda kuliko mwingine wowote, na si mpya. Wanawake wa kabila la Seminole huko Florida, Marekani, walipozoea cherehani za mkono mwanzoni mwa karne ya 20, walianza kushona kanda ndefu za rangi mbalimbali kwa urefu, wakazikata kwa kukingama, kisha wakaziunganisha upya huku wamezisogeza. Mapambo yale ya nguo zao yanaonekana yameshonwa kipande kimoja kimoja, kumbe vidole havikugusa kipande hata kimoja kikiwa peke yake.

Tuchukue mraba wa vipande tisa, yaani safu tatu za vipande vitatu, nzito na nyepesi zikipishana. Kila kipande kikiisha kushonwa kiwe inchi 3, mraba mzima utakuwa inchi 9. Ukipanga miraba 7 kwa upana na 9 kwa urefu unapata inchi 63 kwa 81, zinazotosha kitanda cha nne kwa sita na kuning'inia kidogo pande zote. Miraba 63 hiyo, 32 iwe ya vipande tisa na 31 iwe ya kitambaa kimoja kisicho na kiungo, ikipishana. Hapo tayari umejipunguzia karibu nusu ya kazi, na kwa macho yangu mfarishi wa namna hii hupendeza kuliko uliojaa vipande kila mahali, kwa sababu jicho linapata mahali pa kupumzika.

Ukikata kipande kimoja kimoja, miraba hiyo 32 inadai vipande 288 na mishono mifupi 256. Sasa fanya kwa kanda. Kata kanda za upana wa inchi 3 na nusu kwa kukingama jora, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: 15 za rangi nzito na 12 za rangi nyepesi. Shona seti sita za nzito-nyepesi-nzito, na seti tatu za nyepesi-nzito-nyepesi. Kitenge cha upana wa inchi 44 hivi kinakupa vipande 12 kila seti ukiikata kwa kukingama kila baada ya inchi 3 na nusu. Kila kinachotoka hapo ni safu iliyokwisha shonwa. Chukua safu mbili za aina ya kwanza, katikati weka moja ya aina ya pili, mraba umekamilika. Hesabu ya mishono sasa ni mirefu 18 na mifupi 64, basi.

Kwa ununuzi, nzito ni yadi moja na nusu, nyepesi yadi moja na robo, na miraba mitupu ya inchi 9 na nusu inahitaji yadi mbili na robo. Ongeza robo yadi kila moja kwa ajili ya kuruka. Mwenye mabaki ya fundi asikate tamaa. Ukanda wa inchi 15 unatoa safu nne, na kanda fupi za vitenge tofauti hufanya mfarishi uwe na uhai zaidi.

Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu cha gurudumu, kinachokata tabaka kadhaa kwa mpigo kikiongozwa na rula. Vitabu vingi vya ushonaji vya Ulaya na Marekani tangu hapo vinachukulia kwamba unacho. Ukikipata na mkeka wake, kinastahili bei yake. Usipokipata, kata kiolezo cha plastiki ngumu chenye upana wa inchi 3 na nusu na urefu uwezavyo, kunja kitenge mara mbili kiwe tabaka nne, chora kwa chaki, kata kwa mkasi mkubwa huku kitambaa kimelala mezani bila kuinuliwa. Zaidi ya tabaka nne, za chini huteleza na zinatoka zimepinda.

Na kuchana je? Wauzaji wa vitambaa, Kariakoo au Mtaa wa Biashara wa Mombasa, huanzia kwa mkasi kidogo kisha wanachana kwa mikono, na pamba inafuata uzi wake moja kwa moja. Njia hiyo inafaa kwa vitu vikubwa kama bitana. Kwa kanda nyembamba haifai, kwa sababu ukingo uliochanwa hutoka na manyoya na mawimbi, na mawimbi hayo yanakula kipimo. Jihadhari pia na kitenge ambacho mchoro wake umechapwa kwa kupinda kidogo. Ukikichana kinafuata uzi na mchoro unabaki umelala. Hapo chagua mwenyewe unachotaka kinyooke.

ROBO INCHI

Mafundi wa nguo wamezoea kuacha nusu inchi au zaidi ili gauni liweze kupanuliwa. Mfarishi unataka robo inchi, na unaitaka kila mara. Tuseme mshono wako unazidi kwa milimita moja na nusu tu. Unakula pande mbili, kwa hiyo kila mshono unameza milimita tatu. Mraba wa vipande tisa una mishono miwili kwa upana, tayari umepungua milimita sita, wakati mraba mtupu wa jirani yake uko vilevile. Ukifika kuiunganisha, hailingani, na kufumua kunaanza.

Dawa yake inachukua dakika kumi. Shona vipande vitatu vya majaribio vyenye upana wa inchi 3 na nusu, piga pasi, pima cha katikati. Kikiwa inchi 3 kamili, umepata. Kikipungua, sogeza mshono uwe mwembamba zaidi, kikizidi, uongeze. Ukishapata, bandika plasta ya dukani tabaka tatu nne kwenye bamba la cherehani, ukingo wake ukiwa pale pale kitambaa kinapopita. Ule unene unakuwa ukuta. Mkono unausikia hata taa ikiwa hafifu, na huhitaji tena kukodolea macho kila mshono.

Weka sindano mpya namba 14 na jaza bobini tano au sita kwa mkupuo. Uzi uwe mmoja kwa kazi nzima, wa kijivu au rangi ya maziwa. Hauonekani kwenye rangi yoyote, na hutabadilisha kamwe.

KUSHONA BILA KUKATA UZI

Panga jozi zako kwenye rundo upande wa kushoto wa cherehani, zote zimetazama upande mmoja. Ingiza jozi ya kwanza, shona mpaka mwisho, usiinue mguu wa cherehani wala usikate uzi. Kanyaga hatua mbili tatu hewani, ingiza jozi ya pili, endelea. Baada ya robo saa nyuma ya cherehani kuna mnyororo mrefu, vipande vikining'inia kama bendera za sherehe, kati ya kila jozi na nyingine kipo kiuzi cha nusu inchi. Ukimaliza rundo lote ndipo unakata, kwa mkasi mdogo, vyote kwa kikao kimoja. Mkono wa kulia umebaki kwenye kitambaa, wa kushoto unaokota jozi inayofuata, na miguu imeshika mwendo wake.

Cherehani ya pedeli hupendezwa na kazi hii kuliko hata ya umeme. Kinachochosha kwenye pedeli ni kuanza na kusimama: gurudumu linazungukia nyuma, uzi unajikusanya chini, unafumua. Kwenye mnyororo unaanza mara moja tu. Cherehani nyingi nyeusi za zamani hazina namna ya kurudi nyuma ili kufunga mshono, na hapa haihitajiki, kwa kuwa kila ncha itapitiwa na mshono mwingine baadaye. Punguza tu urefu wa mshono uwe kama hatua 11 au 12 kwa inchi.

Anza kila mnyororo kwa kitambaa kibovu kilichokunjwa, na umalizie kwa kingine. Hicho ndicho kinachopokea ule msokotano wa nyuzi wa mwanzo na kuzuia pembe ya kipande chako isimezwe na tundu la bamba. Mmarekani Bonnie Hunter ameueneza ujanja huu kwa hatua moja zaidi: badala ya kitambaa kibovu, tumia jozi ya vipande vidogo vya mfarishi mwingine. Kila ukianza na kumaliza, jozi moja ya kazi ijayo imeshonwa bure.

Kuhusu pini: mishono mifupi ya inchi tatu haihitaji. Weka pini pale tu mishono miwili inapokutana, na uitoe kabla sindano haijaifikia. Sindano ikigonga pini huvunjika, na kutafuta nusu yake sakafuni kunakula muda kuliko ule uliodhani umeuokoa.

PASI

Mwenye pasi ya mkaa analijua hili bila kufundishwa. Huwezi kuwasha mkaa kwa ajili ya mshono mmoja. Unakusanya. Hata mwenye pasi ya umeme afanye vivyo hivyo: ashone rundo zima, ndipo ainuke mara moja. Wakati wa kushona, mishono midogo ikunjie kwa ukucha au mgongo wa kijiko juu ya meza. Inatosha kuendelea mpaka pasi ya kweli.

Pasi ya vipande ni ya kubonyeza. Weka, subiri, inua, sogea. Ukiisukuma huku na huku kama unapiga shati, unavuta upande wa hanamu na mraba unatoka umepinda. Kwanza bonyeza mshono ukiwa bado umefungwa, kisha fungua na ubonyeze ukiwa umelala upande mmoja. Kwa pasi ya mkaa, toa majivu nje kwanza, peperusha mbali na kitambaa, na weka shuka kuukuu jeupe juu ya kazi yako, maana cheche moja inatosha kutoboa.

Sasa, mshono ulale upande gani? Daima kwenye rangi nzito. Sababu ya kwanza ni kwamba kivuli chake hakionekani chini ya nyepesi. Sababu ya pili ndiyo inayookoa muda. Rudi kwenye mraba wetu. Safu ya nzito-nyepesi-nzito itakuwa na mishono inayolala nje, safu ya nyepesi-nzito-nyepesi itakuwa na mishono inayolala ndani. Ukiziweka uso kwa uso, vimo viwili vya mishono vinasukumana na kujifunga vyenyewe. Pitisha kidole juu ya kiungo. Ukisikia bonde, sogeza kidogo. Ukisikia pamekuwa bapa, pamefungana, shona. Viungo vinatoka vimekutana barabara, pini moja au hata bila pini.

UKITAKA PEMBETATU

Pembetatu huwatisha wengi kwa sababu ukingo wake wa hanamu hunyumbuka kila unapoguswa. Jibu ni kutoikata kabla ya kuishona. Mbinu hizi za haraka zilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1970 kupitia washonaji kama Barbara Johannah. Chukua mraba mmoja mzito na mmoja mwepesi, kila mmoja inchi 4, iweke uso kwa uso, chora mstari wa pembe hadi pembe, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Unapata miraba miwili yenye pembetatu mbilimbili. Ipunguze iwe inchi 3 na nusu. Ukianza na miraba ya inchi 8, chora mistari yote miwili ya pembe hadi pembe, shona pande zote mbili za kila mstari, kisha kata katikati kwa wima, kwa kukingama, na juu ya mistari yote miwili. Inatoka miraba minane.

KUUNGANISHA BILA KUPOTEZA MPANGILIO

Tandaza miraba yote 63 sakafuni au kitandani kama itakavyokaa, upige picha kwa simu. Picha hiyo itakuamulia ugomvi baadaye, hasa nyumba ikiwa na watoto. Kisha usishone safu moja baada ya nyingine. Chukua mstari wa kwanza wa wima na mstari wa pili, uweke kila mraba wa pili juu ya jirani yake wa kwanza, shona jozi zote tisa kwa mnyororo, na safari hii usikate vile viuzi vya katikati. Rudi mwanzo wa mnyororo, ongeza mstari wa tatu wa wima, wote tisa. Halafu wa nne, mpaka wa saba. Mwisho wake una safu tisa kamili zilizoshikanishwa na viuzi, haziwezi kupotea wala kubadilishana nafasi. Iliyobaki ni mishono minane mirefu ya kukingama, na hapo ndipo pini zinapostahili, moja kila kiungo. Mishono ya safu ya kwanza uilaze kulia, ya safu ya pili kushoto, ili ijifunge kama ile ya ndani ya miraba.

Kwa walio kwenye maeneo ya umeme wa kukatika, igawe kazi kwa kufuata umeme. Kuchambua, kuchora, kukata, kupanga jozi na kukunja kwa ukucha ni kazi za mchana bila umeme. Rundo likiwa tayari, umeme ukirudi saa tatu usiku, unakaa unashona mfululizo.

Na vile vipande vidogo visivyo na umbo, ambavyo havitoi hata ukanda mmoja? Wasidi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa wametoroka utumwa wa Wareno huko Goa, wana mfarishi wao uitwao kawandi. Hawana hatua ya kuunganisha vipande kwanza. Mwanamke hutandika bitana, huanzia pembeni, anakunja ukingo wa kila kipande kwa vidole na kukishikiza kwa bandi moja kwa moja kwenye bitana, akizunguka kuelekea katikati. Kuunganisha, kufunika mishono na kushikiza tabaka vyote vinafanyika kwa sindano moja ya mkono, bila pasi, bila cherehani, barazani huku watu wanazungumza. Si haraka kwa saa ya ukutani, ila kuna hatua mbili nzima zilizofutwa, na mabaki yote yametumika.

Sehemu ya juu ikikamilika na kijazo bado hujakinunua, usiikunje na kuiweka kabatini vivyo hivyo. Mishono yako haikufungwa ncha, na ile inayoishia ukingoni itafunguka kwa kushikwashikwa. Pita mshono mmoja kuizunguka yote, chini kidogo ya robo inchi kutoka ukingoni, ili baadaye ufichwe na ukanda wa pembeni. Halafu izungushie kwenye bomba la kadibodi la jora, lile linalotupwa na wenye maduka ya vitambaa, ili isipate makunyanzi.